Mstari wa 388

Ndege ilikuwa juu ya meza ya kulia, na mjane hakutaka mtu aipumulie.

"Afande, ukitaka kupiga chafya geukia dirishani," alisema. "Humo ndani kuna waya mwembamba kuliko unywele wangu. Mzee aliufunga siku tatu. Wewe utaupeperusha sasa hivi."

Mpelelezi akarudi nyuma hatua moja. Kazini walimwita Kiroboto kwa sababu kiti hakikumweka dakika tano. Lakini mbele ya meza hii alishasimama robo saa nzima, mikono nyuma, kama mtoto aliyeambiwa asiguse vitu dukani.

Ilitoka kwenye boksi, hilo hakuna anayebisha. Seti ya plastiki ya kuunganisha, ile ya watu wazima, moja kwa kumi na nane. Yaani chukua ndege ya kivita ya kweli, igawe mara kumi na nane, ndiyo hiyo. Karibu mita moja kutoka pua hadi mkia. Lakini hata waliouza boksi wasingeitambua. Mume wa huyu mama, fundi mstaafu wa ndege za jeshi aliyeitwa Sindano, aliikalia miaka tisa. Rangi ya mabawa ilipauka upande wa juu tu, pale jua linapopiga. Nyuma ya bomba la moto kulikuwa na masizi, na masizi yenyewe yalikuwa mazito chini, mepesi juu. Kwenye bawa la kushoto kulikuwa na alama ya buti, pale rubani anapokanyaga akipanda. Ribiti, vile vichwa vya misumari inayoshikilia bati, zilipangwa moja moja kama chembe za chumvi, maelfu.

"Alikuwa mzima huyu?" Kiroboto aliuliza taratibu.

"Kichwani? Mzima kuliko wewe."

Mlangoni alisimama msichana wa miaka ishirini na tano, simu mkononi. Binti wa rubani.

"Saa tatu na nusu," alisema. "Lori linakuja saa kumi."

"Najua, dada."

"Nakukumbusha tu."

Hakuwa na haja ya kukumbusha. Miaka kumi na tisa nyuma, ndege ya aina hii hii iliruka asubuhi ikaenda kujichimbia ardhini. Rubani alikufa. Ripoti ikasema: rubani hakuvuta usukani kuinua pua. Basi. Hakuvuta, kwa hiyo ama alisinzia ama alikuwa amelewa, chagua mwenyewe. Binti yake alikuwa na miaka sita. Shuleni aliitwa mtoto wa yule aliyelala. Alipokua aliandika barua kila ofisi, zote zikajibiwa kwamba mabaki yapo stoo, akileta ushahidi mpya yatafunguliwa. Sasa stoo inasafishwa. Leo saa kumi jioni lori la vyuma chakavu linachukua kila kitu, na tanuru halina jalada la rufaa.

Sindano alifariki wiki tatu zilizopita. Siku ya mwisho hospitali alimshika mkewe mkono, akasema maneno mawili: "Mtafute binti wa rubani. Mwambie ipo ndani ya ndege." Mkewe akauliza nini ipo. Hakujibu tena.

Wote walidhani ni karatasi. Barua imekunjwa imefichwa tumboni. Jana Kiroboto aliibeba ndege kwa blanketi mpaka kwenye zahanati, akamwomba mpiga eksirei aipige. Mpiga eksirei alicheka, halafu picha ikatoka, akaacha kucheka. Waya za shaba zilijaa humo kama mishipa. Fimbo, mabomba, nyaya za breki, viungo. Ndani ya plastiki ambayo haitafunguliwa na mtu yeyote, milele, yule mzee alitengeneza ndege nyingine nzima.

"Mgonjwa wenu ana mishipa mingi kuliko wangu," mpiga eksirei alisema. "Ila barua sijui. Karatasi haionekani humu."

Kiroboto aliingiza kamera ndogo ya mafundi bomba kupitia tundu la injini. Hakuna karatasi. Leo asubuhi alikuja na mikono mitupu.

Akainama tena. Kioo cha chumba cha rubani kilikuwa wazi. Ndani, dashibodi ya ukubwa wa kidole gumba ilikuwa na saa na mita kumi na saba, na kila moja ina mshale.

"Mama, una lenzi?"

"Chumba cha kazi. Usihamishe kitu."

Chumba cha kazi kilikuwa stoo ya zamani, meza moja, taa moja. Makopo ya rangi, brashi zilizopunguzwa mpaka nywele tatu. Bati la makopo ya soda lililokatwa vipande vya upana wa unyasi. Ukutani kulikuwa na ubao wa vifaa, na nyuma ya kila kifaa kivuli chake kimechorwa kwa rangi nyeusi, umbo lile lile. Kila kifaa kilikuwa na pete ya tepu ya kijani kwenye mpini.

"Kule karakana ya ndege walifanya hivi," mjane alisema, alikuwa amemfuata kuhakikisha. "Kila fundi rangi yake. Jioni kila kifaa kinarudi kwenye kivuli chake. Kivuli kimoja kikibaki wazi, ndege hairuki mpaka kifaa kipatikane. Mume wangu alitia tepu ya kijani mpaka kwenye mswaki. Nilimwambia siku moja utanifunga na mimi."

"Akasemaje?"

"Akasema wewe hupotei."

Kiroboto akacheka. Halafu akaacha. Kwenye kivuli cha spana namba kumi ilining'inia spana inayong'aa, haina tepu.

"Na hii?"

"Hiyo sijui. Alikuja nayo alipostaafu. Hakuitumia hata siku moja. Alikuwa anaifuta vumbi tu."

Kiroboto aliitazama kidogo, akachukua lenzi na kijiti cha meno, akarudi mezani.

Chini ya lenzi dashibodi ilifunguka kama mji. Namba zilisomeka. Zilisomeka! Mita ya mafuta ilionyesha tenki limejaa. Saa ilisimama saa mbili na dakika kumi na saba.

Binti wa rubani alisogea. Hakuhitaji lenzi, aliambiwa tu, na akajibu kabla Kiroboto hajamaliza.

"Hiyo ndiyo dakika aliyoanguka."

Kiroboto akashusha lenzi.

"Kwa hiyo hakuwa anatengeneza ndege," Kiroboto alisema. "Alikuwa anatengeneza ile ndege."

Na kwa sababu mikono yake haikujua kutulia, akakisukuma kidogo kile kijiti cha usukani katikati ya magoti ya rubani asiyekuwepo. Kikaenda mbele. Huko nyuma kabisa, karibu mita moja, vibawa vya mkia vikashuka.

"Mungu wangu," alisema. "Inafanya kazi."

"Si nimekwambia usiguse!" mjane alifoka.

Akakivuta nyuma. Kikaenda kidogo, kikagoma. Akajaribu tena, polepole. Mbele, sawa. Nyuma, kimekwama.

"Umeiharibu!" binti alisema.

"Hajaiharibu," mjane alisema. "Iligoma hivyo hivyo tangu mwaka jana. Nilimwambia mzee, si uirekebishe. Akasema ndivyo inavyotakiwa."

Kiroboto alimtazama mjane, akamtazama binti. Mbele inakwenda, nyuma haiji. Ndege inayokubali kushuka tu.

"Mama, alikuwa anaandika popote? Fundi wa namna hii lazima aandike."

Mjane akaenda kabatini, akatoa daftari la shule. Ndani, kwa mwandiko wa kubana, Sindano aliandika kila kitu alichoongeza ambacho hakikuwemo kwenye boksi. Namba, jina, kimetengenezwa na nini. Vilifika mia sita na kumi na moja. Namba ya kwanza ilikuwa ncha ya pua, ya mwisho taa ya mkia. Alikwenda mbele kurudi nyuma bila kuruka.

Kiroboto alishakamata watu wengi waliotunza madaftari, na kitu kimoja alikijua: mtu anayeficha hafuti, huacha pengo. Akapitisha kidole. Kiti cha rubani kilianzia 340. Mikanda ya kiti, bati la kopo la soda. 386, bomba la mafuta, waya wa spika. 387, fimbo ya usukani, sindano ya kushonea.

388.

Namba ilikuwepo. Mbele yake hakuna kitu. Mstari mtupu.

389, mkono unaozungusha fimbo, bati la kopo, meno yamechongwa kwa wembe.

"Kipo kati ya fimbo na mkono wake," Kiroboto alisema. "Nyuma ya kiti. Aliandika namba, jina likamshinda."

Kwa lenzi akakagua mgongo wa ndege nyuma ya kiti. Vifuniko vyote vilikuwa vimegundishwa, ribiti zake za rangi tu. Kimoja, kidogo kama stempu, kilikuwa na vichwa vinne vilivyong'aa tofauti. Pini za kweli. Mjane mwenyewe akaleta kibano na kile kioo kidogo cha daktari wa meno ambacho mumewe alikitumia kuchungulia. Pini ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kifuniko kikainuka.

Kiroboto akaweka kioo, akamulika, akainamisha lenzi.

Alikuwa amekwisha kuona vitu kazini. Maiti, dhahabu, mtu aliyelala na nyoka. Lakini hakuwahi kusahau kuvuta pumzi. Mle ndani mbavu za ndege zilipangana moja nyuma ya nyingine, kila moja na matundu yake. Ubavu wa tatu ulikuwa na kiraka, na kiraka kilikuwa na ribiti tano, ya tano imekaa upande kama jino bovu. Fimbo ilipita katikati. Na pale fimbo inapokutana na mkono wake wenye meno, kulikuwa na kitu kimekwama, urefu wa punje ya mchele.

Spana. Ilikuwa na mdomo. Kwenye mpini ilikuwa na pete nyekundu, mstari uliopakwa kwa unywele mmoja wa brashi.

Alimpa binti lenzi. Binti aliangalia muda mrefu.

"Hiki ndicho kilichomwua?"

"Hiki ndicho Sindano anachosema kilimwua. Modeli si ushahidi, dada. Modeli ni ramani." Akamgeukia mjane. "Kijani ilikuwa ya mumeo. Nyekundu ya nani?"

Mjane alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mlango ukagongwa.

Kiroboto ndiye aliyemwita mgeni, saa tano kamili, ili amuulize habari za marehemu tu. Mdogo wake Sindano. Zamani walifanya kazi karakana moja, na kaka ndiye aliyemwingiza. Sasa anatengeneza pampu za maji, wanamwita Fundi Pampu. Mtu mnene, mpole, ovaroli ina madoa ya grisi, chupa ya chai kwapani.

"Shemeji, hujambo? Afande, shikamoo."

"Usiniamkie, umenizidi umri. Kaa hapa."

Akakaa. Alipoona kifuniko kiko wazi, macho yake yakakimbilia dirishani.

"Wewe ulikuwa fundi wa hii ndege?"

"Tulikuwa wengi."

"Siku moja kabla haijaanguka, nani alifanya kazi nyuma ya kiti?"

"Miaka kumi na tisa, afande. Hata nilichokula jana sikumbuki."

"Wewe unakumbuka," mjane alisema. "Ulikula hapa."

"Rangi yako ya tepu ilikuwa ipi?" Kiroboto aliuliza.

"Yangu? Bluu."

"Una hakika?"

"Bluu, afande. Bluu kabisa."

Kiroboto akatikisa kiti alichoegemea. "Skrubu ya hiki kiti imelegea. Una bisibisi?"

Fundi hawezi kuombwa bisibisi akakataa. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa kifua, ukatoa bisibisi, ukamnyooshea. Halafu mwenye mkono akaona alichokifanya.

Kwenye mpini kulikuwa na pete ya tepu nyekundu.

"Shemeji," mjane alisema taratibu, "hata chupa yako ya chai ina hiyo tepu. Miaka yote nimekuwa nikiiosha."

Fundi Pampu akaiweka chupa sakafuni. Alihema kama aliyepanda ngazi.

"Niliipoteza," alisema. "Spana namba kumi. Jioni ile nilitafuta saa nzima. Kwenye majani, kwenye mifuko, kila mahali. Ningesema, ndege ingezuiwa, ingefunguliwa yote, na mimi nilikuwa na barua mbili za onyo tayari. Kwenye begi nilikuwa na spana yangu ya nyumbani, mpya, namba kumi. Nikaitundika kwenye kivuli."

"Bila tepu."

"Bila tepu."

"Ile inayong'aa humo chumba cha kazi. Na jioni ile aliyehesabu ubao alikuwa nani?"

Fundi Pampu alimtazama shemeji yake, akainamisha kichwa.

"Kaka."

"Akaiona?"

"Kaka alikuwa haoni nini? Aliiangalia, akaniangalia. Nikasema tepu imekatika. Akasaini." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Asubuhi ikaanguka. Hatukuzungumza habari hiyo hata siku moja. Lakini tangu aanze hii modeli, kila Jumapili ananiuliza vitu. Ulikuwa umepiga magoti upande gani? Taa uliiweka wapi? Ulishika kwa mkono gani? Mimi nikidhani anataka ndege yake ipendeze."

Kiroboto aliitazama ile ndege, na hapo ndipo alipoielewa sawasawa. Sindano hakujua spana ilikwama wapi. Alijua tu ilipotea. Kwa hiyo alijenga kila bomba, kila ubavu, kila waya kwa vipimo vya kweli, akatengeneza spana ya kipimo kile kile, akaijaribisha sehemu moja baada ya nyingine, mpaka akapata mahali pekee ambapo inaruhusu kusukuma na inazuia kuvuta. Miaka tisa. Ripoti ya jeshi iliandikwa kwa wiki mbili.

"Damu nzito kuliko maji," mjane alisema, hakumwambia mtu yeyote. "Lakini na wewe, mzee, ungeniambia."

"Inuka," Kiroboto alimwambia Fundi Pampu. "Maelezo utaandika baadaye, na utaandika yote. Sasa hivi tunakwenda stoo. Wewe ndiye uliyebaki unayekijua chuma hicho kwa sura."

Kwanza alipiga picha za modeli: kifuniko, ubavu, kiraka, spana. Mjane alibaki, akafunga madirisha yote upepo usiingie.

Lakini stoo haifunguliwi kwa kutaka. Ofisi ya jeshi ilidai barua, barua ikadai mhuri, mwenye mhuri alikuwa kwenye kikao. Kiroboto alizunguka kile kibaraza mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa. Walipofika stoo ilikuwa saa tisa na robo, na lori lilikuwa limekwisha fika. Dereva aliwahi ili awahi kurudi. Wapakiaji wanne walikuwa wanatupa magunia.

"Simamisheni!"

"Lori halimsubiri mtu," mtunza stoo alisema, mzee mkavu mwenye funguo kiunoni. Akaisoma barua mara mbili, mhuri akautazama kwenye mwanga. "Haya. Lakini mnatafuta nini? Humu kuna tani nne za bati lililokunjamana. Mtatafuta mpaka mjukuu wangu astaafu."

"Sehemu ya nyuma ya kiti. Ubavu wa tatu."

"Walioleta waliandika namba kwa rangi, mbele kurudi nyuma. Nyuma ya kiti itakuwa kumi na mbili au kumi na tatu." Akageuka, akapaza sauti kwa wapakiaji. "Kumi na mbili iko wapi?"

"Imo kwenye lori!"

Wakaishusha. Kumi na mbili ilikuwa kipande kikubwa kama kabati, kimefinywa kama karatasi iliyokosewa. Kumi na tatu ilikuwa bado chini, na vyote viwili vikalazwa kwenye sakafu ya saruji. Fundi Pampu alipiga magoti. Hakugusa, Kiroboto alimkataza. Alinyoosha kidole tu, akihesabu midomo ikicheza.

"Wa kwanza huu. Wa pili umevunjika. Wa tatu... huu hapa."

Binti akamulika simu. Chini ya vumbi la miaka kumi na tisa kulikuwa na kiraka. Ribiti tano. Ya tano imekaa upande, kama jino bovu.

Kiroboto akaweka picha ya modeli pembeni ya chuma. Hata wapakiaji walisogea, na yule dereva aliyekuwa anapiga honi akashuka kuona kinachotazamwa.

"Aliyepiga hiyo ya tano ni mimi," Fundi Pampu alisema. "Kaka alinicheka mwezi mzima."

Mtunza stoo alivaa glavu, akachukua mkasi wa bati. Kiroboto alipiga picha kila alipokata. Bati lilikuwa limekunjana tabaka juu ya tabaka, kama kabichi. Tabaka la kwanza. La pili. Fimbo ikaonekana, imepinda. Akakata tena, akafunua kwa koleo, akasimama.

"Njoo uone mwenyewe, binti."

Ilikuwa pale pale. Kati ya fimbo na mkono wenye meno, imelala kwa mshazari ule ule, mdomo umetazama upande ule ule, kama vile Sindano alikuwa amekaa humo ndani asubuhi ile na penseli. Kwenye mpini kulikuwa na tepu iliyoganda, rangi ya damu kavu. Nyekundu.

Fundi Pampu alitoa sauti ndogo, akakaa sakafuni.

Kiroboto aliilinganisha na picha, sehemu moja moja. Mbavu sawa. Kiraka sawa. Mshazari sawa. Kitu kimoja tu hakikufanana. Kwenye modeli spana ilikuwa imenyooka. Hii ilikuwa imepinda katikati kama upinde.

"Hapo mzee alikosea," mtunza stoo alisema.

"Hakukosea. Hakuweza kujua." Kiroboto akapiga magoti. Alitazama kwa lenzi mpaka magoti yakamuuma. "Labda ardhi ndiyo iliyoipinda, ilipoanguka. Nipe mwanga hapa."

Binti akainamisha simu. Kwenye mpini, pale meno ya ule mkono wa chuma yalipogusa, kulikuwa na alama. Shimo, pembeni yake shimo lingine, likifuatiwa na lingine, kila moja limezama kuliko lililotangulia.

"Unaona, hizi ni alama za meno," Kiroboto alisema. "Ukivuta usukani, mkono unazunguka, meno yanaing'ata spana. Ukiachia, yanaachia. Ukivuta tena, yanang'ata tena, mbele kidogo kwa sababu spana imeanza kupinda. Ardhi inagonga mara moja tu, dada. Haiwezi kung'ata hivi."

Binti hakulia. Aliweka mkono wa kulia mbele ya tumbo lake, ngumi imefungwa, akauvuta taratibu kuelekea kifuani. Akaurudisha. Akauvuta tena.

"Alivuta," alisema.

"Alivuta mpaka chuma kikapinda."

"Mara ngapi?"

Kiroboto akahesabu. Mtunza stoo akavua kofia, akahesabu na yeye, kwa ncha ya msumari, bila kugusa.

"Saba," alisema mtunza stoo.

"Saba," alisema Kiroboto.

Dereva wa lori alirudi kwenye mlango wa gari lake, akazima injini bila kuambiwa.

Kiroboto alitoa daftari lake, akaandika tarehe, saa, majina ya waliokuwepo, kisha *alama za meno*. Kalamu ikasimama kidogo. Binti alikuwa anasomea juu ya bega lake, karibu kabisa, pumzi yake inamgusa sikio.

"Andika saba," alisema. "Usiandike kadhaa. Andika alivuta mara saba."